Hepisipa na Dawa ya Lita Nne

Ukifika kijijini kwetu ukauliza habari za Hepisipa, mjane wa Semisi, utaambiwa ana mdomo mchafu. Anayekuambia hivyo ni mmoja wa wale wanaomkimbilia wakipata barua ya serikali wasiyoielewa. Mimi nimemkimbilia mara tatu, na nakuthibitishia kwamba mdomo wake ni mchafu kweli.

Tatizo ni kwamba huku kisiwani kwetu Vava'u mtu mwenye adabu hasemi jambo, analizunguka. Mfano mzuri ni Bwana Hakeai, afisa wa kijiji chetu. Mkutano wa kijiji ni lazima kuhudhuria, na yeye ndiye msemaji. Ataanza na salamu kwa mfalme, aende kwa wakuu wa ukoo, apite kwa wachungaji, awashukuru wahenga waliozikwa mlimani, aombe radhi kwa ulimi wake duni, kisha aombe radhi tena kwa kuchelewa kuomba radhi. Siku moja alizungumza dakika arobaini kuhusu mtaro. Tulipokaribia kumaliza, nusu yetu tulidhani kuna mtu amefariki.

Hepisipa akasimama, mwanamke mfupi, mnene, kipepeo chake cha kujipepea kimechomekwa kama panga kwenye mkeka wa heshima tunaoufunga kiunoni.

"Maana yake ni hivi," alisema. "Jumanne, saa moja asubuhi, kila nyumba itoe mtu mmoja mwenye panga au jembe, tunasafisha mtaro wa kanisani. Asiyekuja atatozwa faini. Bwana Hakeai, nimekosea wapi?"

"Hujakosea," alisema Hakeai, uso umemshuka.

"Basi tufunge kwa sala. Nimeacha chungu motoni."

Hakeai alinuna wiki tatu. Lakini Jumanne ile watu walifika wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mtaro uchimbwe.

Hepisipa hakuzaliwa hivyo, ingawa mama yake anadai alizaliwa akibishana. Alikuwa msichana wa kusuka mikeka na kuimba sauti ya kwanza kama wengine. Akaolewa na Semisi, kisha akaenda Nyuzilandi kufanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miaka kumi na moja aliwaogesha wazee wa watu. Kiingereza chake chote alikitoa huko, nacho ni cha aina mbili: cha kuwashawishi wazee waende msalani, na cha kugombana na wasimamizi. Kinatosha kwa karibu kila jambo la maisha.

Semisi alipougua, Hepisipa alirudi. Mume alikuwa amelazwa hospitali ya mji mkuu, kisiwa kingine, akiangaliwa na kaka yake. Daktari alimweleza kaka mtu. Kaka akamweleza mchungaji kwa simu. Mchungaji akamweleza mtu mwingine, akamtuma kwa Hepisipa. Kila aliyeipokea habari ile aliilainisha kidogo kabla ya kuipitisha, na ilipomfikia mwenyewe ilikuwa inasema Semisi anapumzika vizuri na tumshukuru Mungu. Hepisipa akafurahi. Akakaa uani siku nne akiponda magome ya kutengenezea nguo ya sherehe ya kumpokea mumewe. Siku ya tano wanawake wakaingia wamevaa nyeusi na mikeka ya msiba. Kijiji kizima kilijua kwa mwezi mzima kwamba Semisi anakufa. Aliyekuwa hajui ni mkewe.

Yule mtu wa mwisho, aliyetumwa na mchungaji, ni mimi. Nilisimama uani kwake nikamwambia, "Anapumzika vizuri, dada." Niliona nyundo ikigonga magome, nikaona anavyotabasamu, nikaondoka zangu kwenda kula. Naona aibu mpaka leo, na sitaki mtu anifariji.

Tangu msiba ule Hepisipa aliacha kuzunguka. Ukimuuliza kama nguo imekupendeza, shauri yako.

Sasa nije kwa Kelepi. Kelepi ni mkulima wa viazi vikuu na besi ya kwanza ya kwaya yetu. Mimi ni besi ya pili, yaani nasimama nyuma yake na kufuata anakokwenda. Tangu Pasaka mwaka juzi alikuwa anaona damu chooni. Hakumwambia mtu ila mkewe, na mkewe akamnong'oneza muuguzi, na muuguzi akaandika kwenye karatasi kwamba Kelepi aonwe na madaktari wageni. Hao huja mara moja kwa mwaka, wiki moja tu, na mashine zao kwenye masanduku. Baba yake Kelepi alikufa akiwa na umri kama wake. Ukiuliza alikufa na nini utaambiwa tumbo. Hakuna aliyewahi kusema zaidi.

Ijumaa Kelepi alivaa shati safi akaenda. Kuingia chumbani, mkalimani ni dada yake.

Lesieli ndiye mwalimu mkuu wa shule yetu, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko cha wageni wenyewe. Nani mwingine angekuwa mkalimani? Lakini kwetu kaka na dada wakishabalehe hawakai chumba kimoja, na habari za mwili hazitajwi mmoja akiwepo: si kitanda, si choo, wala nguo za ndani zikiwa zimeanikwa kwenye kamba. Ndugu hawa walikuwa na miaka hamsini na kitu kila mmoja, na walikuwa hawajawahi kutazama filamu pamoja, isije ikatokea mtu akabusu.

Daktari alikuwa mama mrefu aitwaye Prentice. Alisoma karatasi ya muuguzi, akamuuliza Kelepi kama bado anatoa damu akienda haja kubwa.

Lesieli akageukia ukuta. "Daktari anauliza kama hujambo," alisema.

"Mwambie namshukuru sana," alisema Kelepi, akitazama ukuta wa pili.

Daktari akaeleza dakika kumi. Akachora utumbo kwenye karatasi. Lesieli akakiweka kipepeo chake juu ya mchoro. Kisha akatafsiri, na kila alichosema kilikuwa kweli tupu:

"Daktari amekupa kinywaji. Kichanganye na maji, kiwe lita nne. Kiishe Jumapili. Jumatatu asubuhi urudi."

"Umemweleza yote?" daktari aliuliza.

"Yote," alisema Lesieli, jasho likimtiririka mpaka shingoni.

Tufike Jumapili. Asubuhi kabla ya ibada sisi wanaume hukaa kwenye mkeka tukinywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, kikombe cha kifuu kikizunguka, kila mtu kwa zamu na heshima yake. Siku hiyo tulikuwa wanane, karibu wote besi. Kelepi akaingia na dumu la maji ya rangi ya ndimu, akaliweka katikati.

"Nini hicho?" aliuliza Hakeai.

"Daktari amenipa. Kinatakiwa kiishe leo."

"Lita zote hizo?"

"Ndivyo alivyosema dada."

Ngoja nikueleze jambo. Mwanamume anayekaa mbele ya wenzake na lita nne za kinywaji, akanywa peke yake, kwetu huyo si mgonjwa, ni mchoyo. Kelepi si mchoyo. Hakeai akakitolea kinywaji kile hotuba ya shukrani, akaitaja nchi kilikotoka na bahari kilizovuka. Tukapiga makofi. Kikombe kikazunguka. Kilikuwa kitamu kiasi, chumvi kwa mbali. Kelepi mwenyewe, kwa uungwana wake, alichukua kikombe kimoja tu akatuachia vilivyobaki. Mimi nilikunywa vitatu. Nilirudi mara ya tatu kwa sababu Hakeai naye alirudi.

Ubeti wa pili wa wimbo wa kufungulia ibada, besi mmoja akatoka. Ubeti wa tatu, wawili. Wa tatu kati yao ni mimi, na sikutoka kwa mwendo wa Kikristo. Mkeka wa kiunoni wa Jumapili unafungwa kwa kamba raundi tatu, na aliyebuni mtindo huo hakuwahi kuwa na haraka. Nyuma ya kanisa kuna choo cha matundu mawili. Hakeai alipofika tulikuwa tayari sita kwenye foleni. Alifungua mdomo kutoa udhuru, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata nafasi ya salamu. Akakimbilia migombani.

Ndani, wimbo ulibaki na sauti za juu na besi mmoja tu. Mchungaji alidhani tumegoma.

Hepisipa akatoka kututazama. Alisimama mbele ya foleni, mikono kiunoni.

"Nyie mmekunywa nini?"

Nikamweleza, nikiwa nimejishika. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na nguo yake ya kanisani. Alicheka hata machozi yakamtoka. Halafu akainuka ghafla.

"Maka, dawa ilikuwa ya Kelepi?"

"Ya Kelepi."

"Naye kanywa kiasi gani?"

"Kikombe kimoja. Alituachia sisi."

"Yuko wapi sasa?"

"Ndani. Yeye ndiye besi aliyebaki."

Hakucheka tena. Wakati ibada inaisha alikuwa mlangoni, akamvuta Lesieli pembeni, nami nikiwa nimeegemea ukuta nikawasikia.

"Ulimweleza nini kaka yako?"

"Nilimweleza anachoweza kusikia."

"Masikio yake hayana ubaya. Kilichoshindwa ni mdomo wako."

"Ni kaka yangu, Hepisipa! Ulitaka niseme nini?"

"Useme asile. Useme asigawe. Useme kesho anatazamwa nini. Lesieli, baba yenu alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Tumbo lina vitu vingi ndani. Kipi?"

Mwalimu yule anayewatetemesha watoto mia mbili kwa jicho moja akatazama viatu vyake.

Kelepi alikuwa ameshakwenda nyumbani kula. Jumapili kwetu shimo la moto linalookewa chakula hufunuliwa mchana, na Hepisipa alipomfikia alikuwa kwenye kipande cha pili cha nguruwe. Nafasi ya Jumatatu ikawa imepotea. Hepisipa akapanda kilima mpaka nyumba walikofikia madaktari, akamkuta Prentice, akamwambia kwa Kiingereza chake cha aina ya kwanza yaliyotokea. Nasikia daktari alilazimika kutoka nje ili acheke. Kisha akasema: atampokea Jumanne asubuhi. Dawa zimebaki mbili. Jumatano mchana ndege inaondoka na mashine zote. Baada ya hapo, mwaka ujao.

Jumatatu Kelepi hakuonekana. Habari za foleni zilikuwa zimefika vijiji vinne, watoto wameshazitungia wimbo, na yeye alikuwa amejificha shambani. Hepisipa akaja kwangu, akaniwekea dumu miguuni.

"Beba."

Njiani nikajikaza. "Dada, siku ile ya Semisi, mimi nilikuwa..."

"Najua ulikuwa nani. Beba dumu."

Tulimkuta ameketi kwenye tuta la viazi vikuu, hajalima hata mstari mmoja.

"Siendi," alisema kabla hatujamsalimu. "Nimewaaibisha watu wazima mbele ya Mungu. Kwanza sijui hata wanataka kunifanya nini."

"Hujui kwa sababu hujaambiwa," alisema Hepisipa. Akakaa mbele yake, uso kwa uso. "Nakuambia sasa. Unatoa damu kwenye mavi?"

Kelepi akatazama mlima, akatazama bahari, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dumu.

"Ndiyo," alisema.

"Daktari ana mrija laini, mwembamba, una taa na kamera mbele. Wanakulaza kwa dawa, hutasikia. Wanauingiza matakoni, unapanda kwenye utumbo, anatazama damu inatoka wapi. Akikuta kinyama kibaya anaweza kukikata hapo hapo."

"Matakoni?"

"Ulidhani wapi, sikioni? Sasa, utumbo ukiwa umejaa nguruwe haoni kitu. Ndiyo kazi ya dawa hii. Utaharisha mpaka kitoke maji matupu. Kuanzia sasa huli, hunywi kava. Kikombe kila robo saa, wewe peke yako, na ukae karibu na choo. Umeelewa?"

Kelepi akaanza kuuliza. Ataamka saa ngapi? Je, maji ya kawaida anaruhusiwa? Baba angefanyiwa hivi angepona? Huyu ndiye mtu aliyesema Ijumaa kwamba anamshukuru sana daktari. Swali la mwisho aliliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitakufa?"

Nilijua ninachotaka aambiwe. Neno nilikuwa nalo tayari mdomoni, lile lile la siku zote, kwamba yote yatakuwa sawa.

"Sijui," alisema Hepisipa. "Daktari naye hajui, ndiyo maana anataka kutazama. Usipokwenda hatajua mtu yeyote, kama kwa baba yako. Mimi nilishawahi kuambiwa maneno matamu, Kelepi. Sikuwahi kumuaga mume wangu kwa sababu ya maneno hayo."

Kelepi akafuta uso kwa kiganja chenye udongo. Akanyoosha mkono kwangu, nikampa dumu.

Mchana kutwa Hepisipa aliniweka njiani mbele ya nyumba ya Kelepi kuwarudisha wageni. Sikuwa na kazi nyingi. Hakeai alitokea, akaliona dumu kwenye baraza, akavuka barabara.

Jumanne Kelepi aliingia kwanza. Mkalimani safari hii alikuwa Hepisipa. Lesieli alisimama nje barazani chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, kama adabu inavyotaka, nami nilikuwa hapo naye. Saa nzima alikuwa akikunja na kukunjua kipepeo chake hata nyuzi zikaanza kufumuka.

Kisha tukasikia sauti ya daktari ndani, na nikaona Lesieli amefumba macho. Yeye alikuwa anaelewa. Mimi nilimngoja Hepisipa.

"Kelepi, umeamka? Sikiliza. Amekuta vinyama viwili, kimoja kama punje ya pilipili, kimoja kikubwa kidogo. Hicho ndicho kilichokuwa kinatoa damu. Amevikata vyote. Vitapelekwa kupimwa, majibu baada ya wiki tatu. Kwa macho yake haoni saratani, lakini anasema macho hayatoshi. Vingeachwa miaka kadhaa vingeweza kugeuka."

Kisha daktari akasema jambo jingine, fupi. Hepisipa hakulitafsiri mara moja. Nilishangaa, maana sikuwahi kumsikia akisita.

"Anasema vitu hivi hutembea kwenye familia," alisema. "Baba yako huenda alikuwa navyo. Anasema ndugu wa tumbo moja nao watazamwe."

Lesieli akafumbua macho.

"Nina ndugu mmoja," ilisema sauti ya Kelepi, nzito kwa usingizi.

"Najua."

"Yuko nje?"

"Yuko chini ya dirisha."

"Mwambie. Neno kwa neno, Hepisipa, kama ulivyoniambia mimi. Usilainishe hata moja."

Hepisipa akatoka. Lesieli akainua mkono kumzuia.

"Nimeshasikia. Nimeelewa Kiingereza kabla yenu nyote."

"Kaka yako amesema uambiwe."

Mila inamtaka dada aondoke hapo. Kaka yupo hatua tatu nyuma ya ukuta, dirisha liko wazi, na Hepisipa hana sauti ya chini. Lesieli alikaa. Akaambiwa yote: damu, mavi, matako, mrija, vinyama, dumu. Uso ulimwiva, machozi yakamtoka, lakini hakusogea. Hepisipa alipomaliza akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa," alisema. Kisha akageuza kichwa kidogo kuelekea dirishani, bila kutazama ndani. "Na mimi naona damu, kaka. Tangu Krismasi."

Ndani kitanda kililia.

"Dawa imebaki moja," Kelepi alisema. "Iko kwenye sanduku, pale mlangoni. Chukua, dada."

Alasiri hiyo nilipita nyumbani kwa Lesieli, maana daktari alikubali kumtazama kesho yake asubuhi kabla ya ndege. Shule alikuwa ameifunga, kwa mara ya kwanza tangu kimbunga. Alikuwa ameketi barazani na dumu lake, kikombe mkononi, mlango wa choo umefunguliwa tayari. Upande wa pili wa uzio wa miti Kelepi alikuwa ameketi kwenye kigoda, bado amedhoofika, amempa dada yake mgongo kama inavyotakiwa, saa ya mkononi ameikodolea macho.

"Robo saa, dada!" alipaza sauti, kwa besi ile ile ya kanisani.

"Nakunywa, kaka."